Cheti Kisichonyeshewa

Karani wa wizara alikishika cheti changu cha digrii kwa vidole viwili, jinsi mtu anavyotoa unywele kwenye mchuzi. Akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, akakipinda kidogo, nacho kikalia sauti ya plastiki.

"Madam, hii ume-laminate," akasema.

"Ndiyo."

"Na muhuri nitagonga wapi?"

Nilimwambia agonge hapo hapo juu ya plastiki. Hakucheka wala hakukasirika. Alichukua faili yake mwenyewe ya plastiki, akaigonga muhuri, kisha akapitisha kidole gumba juu yake na wino wote ukahamia kwenye kidole. Akaniinulia kidole hicho nikione.

"Umeona? Next."

Nilikuwa nimeondoka Nakuru kabla ya jogoo, nikapanga foleni Nairobi pamoja na watu wengine wenye bahasha za kaki. Shule moja ya Thailand ilikuwa imenikubali nikafundishe Kiingereza. Walitaka barua ya polisi ya kuonyesha kwamba mimi si mhalifu, na hiyo nilikuwa nayo. Walitaka pia cheti changu cha digrii kikiwa na mihuri miwili, wa wizara yetu na wa ubalozi wao, yote igongwe nyuma ya cheti chenyewe wala si kwenye fotokopi. Huo ulikuwa mwisho wa Januari. Machi ikiisha bila mihuri hiyo, nafasi ingepewa mtu mwingine.

Na mimi, kwa haraka zangu, nilikuwa nimeshaacha kazi. Nilikuwa nafundisha watoto wa matajiri wa Milimani na kulala mtaa wa mabanda wa Kaptembwo, na mshahara wenyewe ulijua ninakolala. Walimu wenzangu walikuwa wamenifanyia karamu ya soda na keki, wakanipa zawadi ya sanduku la magurudumu, na mwalimu mkuu akaniombea mimi, rubani, na injini zote za ndege. Mtu akishaombewa namna hiyo hawezi kurudi Jumatatu kusahihisha vitabu.

Sasa nimseme mama. Mama yangu anaishi Olenguruone, kule juu kwenye milima ya Mau, na hulamineti kila kitu. Kulamineti, kwa asiyejua, ni kutia karatasi katikati ya plastiki mbili na kuipitisha kwenye mashine ya moto mpaka vyote vitatu viwe kitu kimoja. Alilamineti kadi zetu za kliniki. Alilamineti vyeti vya kuzaliwa na vya ubatizo, risiti ya jiko, na kadi ya chanjo ya mbwa aliyekufa nikiwa darasa la sita. Mwaka niliohitimu alikuja kunitembelea Kaptembwo, akatazama doa la maji kwenye dari, akasema digrii haiwezi kulala hapo. Akaondoka nayo. Wiki haikuisha kabla haijapitishwa kwenye mashine ya saiba, duka la kompyuta na fotokopi la senta yao.

Nilipoihitaji alinitumia, nikaipokea imenyooka inang'aa, nikasema kweli mama anajua kutunza vitu. Mimi mwenyewe, mwenye digrii, niliitazama plastiki ile nisione shida yoyote. Lazima niliseme hilo mapema, maana baadaye lawama zote nilimtupia yeye.

Nilimpigia simu nikiwa bado kwenye ngazi za wizara.

"Mama, kwa nini uli-laminate digrii?"

"Imeharibika?"

"Imeharibika juu uli-laminate!"

"Lakini maandishi bado yanaonekana?"

"Yanaonekana. Lakini haiwezi kugongwa muhuri. Wamekataa."

Nikasikia kuku wakilia nyuma yake. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta upande mzuri wa jambo, "Lakini sasa haiwezi kunyeshewa."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira za kweli. Nilimwambia kwamba mtu asiyejua kazi ya cheti asiguse vyeti vya wenzake. Nilisema hivyo kwa sauti, kwenye ngazi, watu wakipita.

"Sawa, mama," akasema, maana ndivyo anavyoniita, kisha akakata simu.

Neno lile lilikuwa baya kuliko linavyosikika, na nililijua ubaya wake wakati likitoka. Mama alimaliza kidato cha nne na akafaulu. Alikuwa anangoja kuomba nafasi ya chuo cha ualimu vurugu zilipoingia kule juu, watu wakafukuzana na nyumba zikachomwa. Alitoka mbio na cheti chake amekificha ndani ya blauzi. Walitembea siku nzima kwenye mvua ya Mau hadi kwenye kanisa lililowapokea, na alipoingiza mkono kukitoa, akatoa kitu kama ugali uliomwagikiwa maji. Shule yake nayo ilikuwa imechomwa pamoja na faili zake. Hakuna ofisi iliyokubali kwamba aliwahi kufaulu chochote.

Aliporudi alianza kufundisha chekechea ya kanisa, akaifundisha zaidi ya miaka ishirini. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma kwake, nikiwa nimekaa sakafuni na watoto wa watu wengine na kukatazwa kumwita mama. Kisha serikali ya kaunti ikaanza kuajiri walimu wa chekechea kwa utaratibu, na utaratibu ukataka vyeti. Akaambiwa abaki kama msaidizi. Aliyeletwa kuwa mwalimu alikuwa msichana aliyewahi kufundishwa na yeye a, e, i, o, u, na mama akawa anapika uji. Hakulalamika. Alizidi tu kulamineti.

Haya yote niliyajua. Lakini kujua jambo hakukuzuii kukasirika, hasa ukiwa na sanduku jipya la magurudumu na huna pa kulipeleka.

Nakuru nzima ilinipa ushauri. Mwalimu mwenzangu alisema nipige pasi juu ya plastiki, itaachia. Jirani akasema nikiweke cheti kwenye friza ya nyama ya buchari usiku kucha, plastiki itakauka na kubanduka. Mwenye bodaboda aliyenibeba, ambaye sikuwa nimemuuliza, alisema dawa ni petroli. "Petroli inatoa kila kitu, madam. Hata rangi ya gari." Nilimwambia sitaki itoe kila kitu, nataka itoe plastiki peke yake. Akasema basi nipunguze petroli.

Nilijaribu pasi, lakini si kwenye digrii. Kwenye bahasha aliyonitumia mama kulikuwa na karatasi nyingine nyingi ambazo sikuziomba, na miongoni mwake cheti cha usafi nilichopewa darasa la tano, nacho kimelaminetiwa. Nikasema hiki hata kikifa hakuna msiba. Nikapiga pasi, nikavuta. Plastiki ilibanduka vizuri sana, na maandishi yote yakatoka nayo. Nilibaki na karatasi nyeupe mkononi, na usafi wangu wote umehamia kwenye plastiki.

Kesho yake nilienda kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vitabu na kalamu mjini, duka aliloachiwa na baba yake. Humo kuna mashine ya kulamineti yenye ukubwa wa kabati. Alivaa miwani, akakitazama cheti kwenye mwanga wa dirisha kwa muda mrefu kama daktari mwenye picha ya kifua.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimefunika karatasi ya hii town yote. Title deed, leseni, certificate, hata picha ya marehemu. Kufunika najua. Kufunua, hapana."

"Hakuna njia kabisa, mzee?"

"Njia iko. Rudi kwa university, waambie wakupe ingine. Nani alifunika?"

"Mama yangu."

"Aah." Akavua miwani. "Basi ni kazi safi."

Nilitoka bila kuaga.

Chuoni nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima nikingoja ofisi ya vyeti ifunguliwe. Ilifunguliwa, ikafungwa kwa chai, ikafunguliwa tena. Mama wa makamo aliyekuwa nyuma ya meza alikagua cheti akatikisa kichwa, na nikajua kwamba si mimi wa kwanza.

"Tunaweza kukupa kingine," akasema. "Utarudisha hiki, na utaleta hati ya kiapo ya mtu aliyekiharibu."

"Nitaapa hata leo."

"Wewe ndiye ulikiharibu?"

"Hapana. Ni mama."

"Basi ataapa mama. Ukiapa wewe itakuwa ni uongo."

"Na kitachukua muda gani?"

"Six to eight weeks. Inategemea."

"Inategemea nini?"

Alinitazama kwa huruma. "Inategemea," akasema.

Nilihesabu kwa vidole nikielekea getini. Wiki nane zilifika Aprili. Niliwaandikia watu wa Thailand barua pepe ya kuomba muda, nikaeleza kwamba mama yangu alikuwa amefunika cheti changu kwa plastiki. Kabla ya kuituma niliisoma, nikaona hakuna mtu duniani atakayeiamini, nikaandika tu kwamba kuna hitilafu ya kiufundi.

Mama alishuka Nakuru siku ya Alhamisi kuja kuapa mbele ya wakili. Alivaa nguo za kanisani na viatu vilivyong'arishwa, na alibeba mfuko wenye karatasi zote za ukoo wetu, maana alisikia mawakili hupenda karatasi. Hatukuwa tumeongea tangu siku ya ngazi, ila kupanga safari. Nilimsalimia, akanisalimia, tukapanda ghorofani kwa wakili bila neno lingine. Karani wa wakili, dada mmoja mwenye kompyuta na sweta begani, aliomba kitambulisho. Mama akakitoa. Kitambulisho cha serikali huja tayari kimefunikwa plastiki, lakini cha kwake kilikuwa kinene kama biskuti. Alikuwa amekilamineti tena.

Nilitazama dari.

Karani alianza kuchapa. Hati za kiapo huandikwa kwa Kiingereza, lakini alikuwa anamuuliza mama kwa Kiswahili, jambo moja moja. Jina. Umri. Mahali unapoishi.

"Kazi?"

Mama aliupapasa mfuko wake wa karatasi. Kisha akasema, "Andika mkulima."

Nataka nieleze vizuri nilivyokuwa wakati huo, nisije nikajipamba. Sikuwa na upole wowote. Nilikuwa na njaa, nilikuwa nimelipia usafiri wa watu wawili, nilikuwa nimechoka na ofisi, benchi, na watu wanaouliza maswali wasiyojali majibu yake. Na neno mkulima lilinichoma, maana mama ana viazi mistari sita na kabeji za kula nyumbani. Nilisema kwa ukali, kama ninayemsahihisha mwanafunzi, "Si mkulima. Andika mwalimu."

Karani akaacha kuchapa. "Ni mkulima ama ni mwalimu? Hii ni kiapo, msiniletee shida."

"Ni mwalimu," nikasema. "Amefundisha chekechea miaka zaidi ya ishirini. Mimi mwenyewe amenifundisha kusoma."

"Ako na certificate?"

Mlango wa ndani ulikuwa wazi, na wakili, ambaye nilidhani hasikilizi, akaita kutoka kwenye meza yake. "Mama, ulifundisha?"

"Nilifundisha, bwana."

"Watoto walijua kusoma?"

"Walijua."

"Basi andika mwalimu. Hapa anaapa kuhusu plastiki, haombi kazi."

Karani akachapa. Alipomaliza alitusomea kwa Kiswahili: kwamba mimi ni mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu, mwalimu, mkaazi wa Olenguruone, kwamba nilikifunika cheti cha binti yangu kwa plastiki kwa nia njema ya kukihifadhi, na kwamba yote niliyosema ni kweli. Mama aliapa akiwa ameshika Biblia ya ofisi. Akatia sahihi polepole, herufi moja baada ya nyingine, mwandiko ule ule wa ubaoni. Wakili akagonga muhuri mwekundu kwenye nakala tatu. Moja ilikuwa ya chuo, moja ya faili yao.

"Hii ingine naeza kubaki nayo?" mama akauliza.

"Ya nini sasa?" nikasema.

"Ya kukaa nayo tu."

Nikamwambia abaki nayo lakini asinicheleweshe. Tulikunywa chai na mandazi chini pale, nikampeleka steji, akapata gari la kurudi. Sikumwomba msamaha. Nilijiambia nitamwomba mambo yakinyooka.

Mambo yalichukua muda wake kunyooka. Machi ikaja ikaisha, na shule ile ikanijibu kwa adabu kwamba nafasi imechukuliwa, ila nikiwa tayari wangenifikiria kwa muhula unaoanza Novemba. Aprili cheti hakikutoka. Wakati huo nilikuwa nazunguka Milimani nyumba hadi nyumba nikifundisha tuisheni watoto wale wale, na kila geti nililobisha liliniuliza swali moja. "Mwalimu! Si ulienda?" Nilikutana na mwalimu mkuu sokoni akanitazama kama mtu aliyefufuka. Sanduku la magurudumu nililitumia kuwekea nguo chafu.

Cheti kipya kilitoka mwisho wa Mei. Karatasi tupu, bila kitu juu yake. Nikakibeba katikati ya mbao mbili nyembamba zilizofungwa na kamba, nikarudi Nairobi, nikamkuta karani yule yule. Hakunikumbuka. Aligonga muhuri sekunde moja, akasema "Next." Ubalozi nao ukagonga wa kwake baada ya wiki mbili. Agosti nikapata mkataba mpya, Septemba viza, na tiketi ikawa ya mwezi wa kumi.

Nilipanda Olenguruone kuaga siku tatu kabla ya safari. Mvua ilikuwa imeanza asubuhi, ile mvua ya kule juu isiyo na haraka. Mama aliomba aone digrii mpya. Alinawa mikono kwa sabuni, akaifuta kwa leso, akaifuta tena, halafu akakataa kuishika.

"Wewe shika tu. Nitaona hivyo."

Nikaigeuza nyuma. Alisoma mihuri yote miwili kwa sauti, maneno yake, tarehe zake, akifuata kwa kidole hewani bila kugusa karatasi. Akasema wamefanya kazi nzuri. Kisha akaenda chumbani, akarudi na Biblia yake kubwa, na ndani yake akatoa ile nakala ya hati ya kiapo.

Haikuwa na plastiki. Pembe zilikuwa zimeanza kujikunja kwa unyevu, na chini kulikuwa na alama ya kijivu ya ukungu karibu na muhuri mwekundu.

"Nilikuwa nakungoja nikuulize," akasema. "Hii nayo, kuna ofisi itataka kuigonga tena?"

"Hapana."

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna, mama."

"So naeza ku-laminate? Ama pia hii haifai?"

Ilikuwa miezi minane tangu siku ile ya kwa wakili. Katika nyumba ambayo kadi ya mbwa imo kwenye plastiki, karatasi pekee duniani yenye muhuri na inayomwita yeye mwalimu ilikuwa imekaa miezi minane kwenye unyevu, kwa sababu mimi nilimkaripia kwenye simu naye akaogopa kuigusa. Neno lile la mwalimu nililitupa mezani kwa hasira ya njaa, nikalisahau kabla ya chai. Yeye alilibeba hadi nyumbani na kungoja ruhusa yangu.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikamwambia lile neno la simu nililisema vibaya, na kwamba halikuwa kweli.

"Neno gani?" akauliza, na sote wawili tulijua ni lipi.

Nikaichukua hati nikaitia ndani ya koti, kifuani, nikafunga zipu hadi shingoni. Tukateremka senta chini ya mwavuli mmoja, mama akinishika mkono na kila hatua kumi akiuliza kama imepata maji. Mwenye saiba, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alikuwa amewasha mashine. Aliitazama hati, akamtazama mama aliyemjua siku nyingi.

"Tuweke ya kawaida, mama, ama ile heavy?"

"Ile heavy," nikasema mimi, kabla mama hajajibu. "Na acha ukingo mpana, maji yasipate pa kuingilia."